Historia ya Marehemu Nahashon Obwocha, Aliyeona Kitu Angani Nyansiongo

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Ondieki, mkamuaji, mdogo wake marehemu, na kabla sijaanza kusoma niseme wazi kwamba wazee wa kanisa wameniomba niuruke mwaka 1953, nami sitauruka.

Marehemu Nahashon Obwocha alizaliwa tarehe 14 Machi 1915 karibu na Kebirigo, mtoto wa kwanza wa Mzee Momanyi na Mama Bosibori, akasoma shule ya misheni kuanzia 1925 hadi 1931, na tarehe 9 Desemba 1937 akafunga ndoa na Drusilla, huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akapelekwa Mombasa na baadaye Ceylon, na kwa miaka minne kazi yake ilikuwa moja tu, kutazama mbingu na kutambua ndege za vita kwa umbo na mlio, kazi ambayo jeshi lenyewe lilimsifu kwa barua. Aliporudi 1946 akawa karani wa maziwa katika shamba la mzungu mmoja Nyansiongo, akachaguliwa pia kuwa mzee wa kanisa, na pombe hakuwahi kuionja, hata huko jeshini.

Tarehe 11 Machi 1953, saa moja na dakika kumi asubuhi, jua limeshachomoza, marehemu aliona juu ya malisho kitu cha mviringo, kinachong'aa kama bati jipya, kisicho na mabawa wala mlio, kikasimama dakika saba kisha kikaenda upande wa Sotik, naye akayaandika yote daftarini kama alivyofundishwa. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, kwa hiyo siku ya tisa maofisa watatu wa jeshi wakaja na lori, wakapima malisho, wakachimbachimba, wakatuhoji siku mbili, na swali lao la kwanza kwake halikuwa ameona nini, bali ni nani aliyemfundisha kutazama angani, akawajibu kuwa ni wao. Wakaondoka na daftari. Mwezi wa tano chifu akatusomea barazani karatasi moja, kwamba karani alikuwa amelewa, akaona nyota ya asubuhi. Nyota gani hiyo, na jua liko juu?

Kanisa likamvua uzee na kumtenga, likisema litamrudisha akileta shahidi wa pili, kwa kuwa neno la mtu mmoja halisimami. Aliandika jeshini barua kumi na moja akiomba daftari lake, akajibiwa mara mbili kwamba jalada limefungwa, na kwa karibu miaka mitano alikaa benchi la nyuma, meza ya Bwana ikimpita. Jambo hili linaudhi mpaka leo.

Novemba 1957 alishikwa na kifua, akalazwa hospitalini Kisii, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 1958, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela hadi barabarani, na wafanyakazi wenzake wa Nyansiongo waliokuja kwa miguu. Jeshi silishukuru. Wala mimi sistahili shukrani, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimesimama kando yake na ndoo mkononi, nikakiona kitu kile mpaka kilipotoweka, na maofisa waliponiuliza nikaogopa kufungwa, nikasema nilikuwa nimeinama nakamua, na kanisa lilipouliza nikarudia hayo hayo, naye hakunitaja kwa mtu yeyote hadi kufa kwake.

Wazee wa kanisa, shahidi wa pili ni mimi. Kaka, hukuwa umelewa, pumzika kwa amani.