Shangazi Hajalia Leo

Hamjambo wanangu. Ingieni, rudisheni mlango, kaeni. Binti yangu mkubwa, njoo hapa karibu na mto wangu wa kulalia. Na wewe kitindamimba wangu, usinisimamie kama askari wa benki, pindua lile beseni ulikalie. Shemeji, mke wa marehemu Mluzi, wewe chukua kiti, maana miaka thelathini umepiga pasi kwenye kiwanda chetu hiki cha kufulia ukiwa wima, na ninayotaka kuyasema leo hayafai kusikilizwa na mtu aliyesimama. Nawaomba utulivu. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, anayetaka kulia asubiri. Pumzi zangu zimebaki chache na sitaki kushindana na mtu.

Sikilizeni wanangu. Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii na uwanja wake ni vya binti yangu. Mapipa ya kufulia, kamba na mkokoteni ni vya kitindamimba. Chumba cha pasi na meza zake nne ni cha shemeji, na mtu asiniulize kwa nini, nitafika huko mwenyewe. Vimebaki vitabu viwili, na hivyo ndivyo vimenisumbua kuvigawa kuliko nyumba.

Mnajua nimejifunza kusoma nikiwa na miaka sitini na saba. Nilianza na alama tunazoshonea kwenye shuka za hospitali, herufi moja moja, huyu binti yangu akinielekeza kwa kidole chenye sabuni. Herufi H niliifananisha na kitanda kilichosimamishwa ukutani, ndiyo maana sikuisahau. Leo nasoma hata yale maandishi ya sisimizi kwenye chupa za dawa zangu, ingawa hayo, kusema kweli, ni afadhali nisingeyajua.

Basi koti la msafiri mmoja lilikaa hapa bila kufuatwa. Tulilitunza mwaka mmoja na siku moja, kama tunavyotunza kila kitu cha watu, kisha tukafungua mifuko. Mlikuwa na vitabu viwili, kimoja cha mafundisho ya Budha, kingine cha mafundisho ya Watao, wazee wa hekima wa Uchina. Cha kwanza kilinichukua miezi saba. Cha pili ni chembamba, lakini kilinichukua tisa. Nilipokifunga kile cha kwanza nilikitembeza uani nikawaonyesha hata waleta kuni, nao wakanipongeza kama mtu aliyejifungua.

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Budha anaanza na kiu iliyomo ndani ya mtu. Anasema tunateseka kwa sababu tunashika, tunashika vitu, tunashika watu, tunashika hata hili neno mimi, na vyote hivyo vinapita kama povu kwenye pipa. Dawa yake ina ratiba. Kuna ahadi tano za kuanzia, usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo, usilewe, halafu unakaa chini kila siku, unatazama pumzi ikiingia na kutoka, na wazo likipita unaliona, hulifukuzi wala huliandami. Na tendo lako analipima kwa nia uliyokuwa nayo ulipolitenda. Ni mtu wa kazi, yule. Anafanana na binti yangu na daftari lake, ambaye shuka moja ikipungua hali chakula.

Watao wao wanaicheka ratiba. Wanasema dunia ina njia yake, na taabu zetu nyingi zinatokana na kuisukuma. Wema ukishaanza kuandikiwa orodha, kwao ni ishara kwamba watu walikwisha kuupoteza. Mtu mwema kwao anatenda kama maji yanavyoshuka mferejini, bila kujikaza na bila kujitangaza. Na moyo usiutumbulie macho sana. Uache, kama beseni la maji machafu, ukilikoroga ili lisafike unazidi kulivuruga, ukiliacha mpaka kesho tope linakaa chini lenyewe. Huyo ni kitindamimba wangu mtupu. Mwulize jambo lolote atakwambia, acha tu baba, litajipa.

Mimi dobi nikawapima kwa madoa. Doa la mafuta linataka mkono, usugue, usuuze, usugue tena, na hapo namwona Budha. Doa la damu linataka maji baridi na subira, na ukiliharakisha kwa maji moto linaingia kwenye uzi na halitoki mpaka shuka inachakaa, na hapo nawaona Watao. Kwa hiyo sikusema huyu kapatia na yule kakosea. Nilisema tu, kazi ni kujua una doa gani mkononi.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu. Ahsante.

Leo kumetulia, au ni masikio yangu? Kila siku pasi za mvuke zikifungwa watu wapumzike, mvuke unakosa pa kwenda, na ile vali ya kuachia mvuke juu ya boila, tangi letu la kuchemshia maji, inafunguka na kupiga ukelele uwanja mzima usikie. Ndiyo maana tuliiita Shangazi, haiwezi kukaa na jambo tumboni. Saa hizi shemeji yuko hapa, meza zote nne zimefungwa, ilipaswa iwe imeshalalamika. Haya. Pengine kuni ni mbichi.

Shemeji, sasa nakuja kwako. Nitazame, maana nikikuona umeinama nitapata pa kujifichia.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita huyu binti yangu alikuwa mchanga, na homa ilimkamata siku tatu mfululizo, hapa hapa kwenye chumba hiki. Kila akisinzia Shangazi anapiga ukelele, mtoto anashtuka, anaanza upya. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshalia hadi macho yamekauka. Asubuhi ya siku ya nne nilipanda juu ya boila nikachukua kipande cha waya, nikaifunga ile vali mdomo. Nikajiambia, dakika chache tu, mtoto alale. Mtoto akalala. Ukaja utulivu ambao sijawahi kuupata tena, nami nikaketi kwenye kizingiti, nikasinzia.

Mluzi alikuwa kwenye zamu ya moto. Mnamjua kwa jina tu, ninyi watoto. Aliitwa hivyo kwa sababu alipiga mluzi kutwa, akishindana na Shangazi nani ana sauti. Kabla usingizi haujanichukua alipita hapa na tita la kuni begani akaniambia, "Kaka, leo huyu bibi kanuna? Au umemposa?" Nikamjibu, "Endelea na kazi, usimwamshe mtoto." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Akaenda kwa kunyata, kwa ajili ya mtoto wangu, akatia kuni.

Sitaeleza boila lilivyopasuka. Shemeji anajua alichopewa azike. Boila tulinunua jingine, tukalipachika vali ile ile.

Nitaeleza nilichokifanya baadaye. Kabla majirani hawajafika, niliuona ule waya umelala kwenye matofali, umejikunja vile vile nilivyoukunja. Niliuokota nikautia mfukoni. Na wakaguzi walipokuja kuuliza, nilisema Mluzi alilala kwenye zamu. Umesikia, shemeji? Mumeo hakulala. Niliyelala ni mimi. Miaka yote hii wanao wametaniwa shuleni kwamba baba yao aliuawa na usingizi, na wewe umekaa kwenye meza ya pasi ukijaribu kufuta aibu ambayo haikuwa yenu, nami nakupita asubuhi na kukuambia, shemeji umeamkaje.

Hapana, usiseme kitu. Sikuombi msamaha leo, maana nikiuomba nitakuwa nimekuja kujipoza. Nataka wewe uwe nao ukweli, uutumie utakavyo. Wanangu hawa ni mashahidi, na kesho binti yangu ataandika barua kwa wale wakaguzi, na kwa wanao, kwa jina langu kamili, na mimi nitatia sahihi kwa mkono wangu, kwa herufi, sitabonyeza kidole.

Wanangu, hapo ndipo vile vitabu viliponikamata. Nilimfungua Budha nikitafuta kupona. Nikasoma kwamba nia ndiyo inayopimwa, nikashangilia, nikasema nia yangu ilikuwa mtoto alale. Niliposoma mara ya pili kwa kidole, taratibu, nikaona ni tendo gani lililokuwa linapimwa. Waya niliufunga kwa mapenzi. Uongo niliusema kwa nia nyingine kabisa, tena nimeusema kila siku niliyonyamaza, ukihesabu ni zaidi ya elfu kumi. Nikakimbilia kwa Watao. Wao wanasifu kunyamaza, wanasifu kuacha mambo yalivyo, nikajiambia basi mimi ni Mtao tangu zamani. Lakini kile kitabu chembamba ni kijanja, ndiyo maana kilinichukua miezi tisa. Kinasema usilazimishe. Na mimi nilikuwa nalazimisha nini maisha yangu yote? Nimeulazimisha utulivu. Nilimfunga mdomo Shangazi, kisha nikajifunga mwenyewe. Maji yaliyotulia kwa sababu tope limekaa chini, na boila lililotulia kwa sababu vali imefungwa, ukisimama mlangoni unaona ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Hajalia bado? Binti yangu, fungua dirisha kidogo. Tulieni.

Kitindamimba. Mbona unatazama miguu yako?

Wiki iliyopita nilikupa sanduku langu la vifaa. Chini kabisa mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani yake kipande cha waya. Kiko wapi?

Sema kwa sauti.

Umeifunga. Ili nizungumze bila kusumbuliwa. Kwa sababu nilituma neno kwamba nataka utulivu. Na ule waya ulikuwa umeshakunjwa tayari, ukatosha pale pale kama kofia.

Usilie, mwanangu. Wewe nia yako naiona, imesimama hapa chumbani kama mtu wa tano. Lakini boila halisomi nia. Umetia kuni saa ngapi? Ulipokuja kukaa hapa. Na mshale wa geji ya kupimia mvuke ulikwama tangu mwaka juzi, tukauzoea. Na pasi zote zimefungwa kwa sababu yangu.

Sasa sikilizeni, na asikimbie mtu, maana anayekimbia huanguka mlangoni na kuwazibia wenzake. Mtatoka kwa mlango wa mbele. Binti yangu, mshike shemeji mkono, vukeni barabara, simameni nyuma ya ukuta wa duka la vioo, hapana, si la vioo, nyuma ya karakana ya fundi seremala. Wapigieni kelele wale wa kamba za kuanikia watoke kwa nyuma. Na wewe kitindamimba, hapana. Nimesema hapana. Wewe una watoto wawili na umeshafanya kosa moja leo, yatosha. Mimi ninalijua lile boila, na mwili huu daktari ameshaukatia tamaa, boila haliwezi kunidhulumu sana.

Kazi yenyewe ndogo. Sitaugusa waya kwanza, na maji sitayamwaga, hayo ndiyo makosa ya mwenye haraka. Nitafungua mlango wa moto, nitazivuta kuni nje kwa reki, moja moja, niziache zife kwenye mchanga. Budha ana neno kubwa, nirvana, nilidhani ni mahali penye bustani, kumbe maana yake ni kuzimika, moto umekosa cha kula. Na Watao wangesema usipigane na mvuke, ondoa tu kinachousukuma. Mnaona, mbele ya boila hawa wazee wawili wanashika reki moja. Nimesoma miezi kumi na sita ili nijue kuondoa kuni.

Nipe ule mti wa kukorogea shuka, nitaufanya fimbo. Taratibu. Magoti haya... subirini nivute pumzi. Sawa.

Vitabu viko chini ya mto. Cha Watao kichukue wewe, binti yangu, ujifunze kuacha shuka moja ipotee. Cha Budha ni cha kitindamimba, ujifunze kuangalia. Boila lisirithiwe na mtu, liuzwe chuma chakavu. Na shemeji asiambiwe neno baya na yeyote kwa lolote atakaloamua. Mungu awaweke. Awape macho ya kuona na... na midomo iliyo wazi. Mmebarikiwa, nyote, na watoto wenu.

Tokeni sasa.

Kuni zikishakuwa nje na chuma kimepoa kidogo, nitaukata ule waya kwa koleo lenye mpini mrefu. Mtamsikia Shangazi. Atalia vibaya, ana mengi tumboni. Mkimsikia, vukeni barabara mrudi, mnikute hapa kitandani, kuna ile barua ya kuandika na sahihi yangu. Narudi. Ninyi huko nyuma ya ukuta msiongee, msiniite. Nyamazeni tu, msikilize.