Alisema Nini Pale Langoni

Jumamosi asubuhi benchi la Yakub, pale Migori karibu na soko, hujaa kabla birika halijachemka. Yakub, aliyekuja kutoka Isiolo na hakurudi tena, humimina kahawa. Bonface, aitwaye Kaunsela ingawa kura pekee aliyowahi kupata ni ya kwake mwenyewe, humimina maneno. Joash wa Pancha huziba tairi hapo kando, masikio yake yakiwa benchini. Na kwenye ncha ya benchi huketi Gisiri, mtu wa boda boda, ambaye wote humwita Maiki. Zamani, kwenye banda la video nyuma ya soko, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni na kufasiri sinema za Kiingereza, na watu walicheka na kulia kwa kinywa chake. Jambo moja hakuwahi kuwaambia, kwa aibu: Kiingereza cha sinema kilimpita kama lori la miwa. Mengi alitunga.

— Wachawi wa sinema wananishangaza, Kaunsela alianza. Wanaenda shule ya uchawi, uniform, mitihani, halafu wanapanda ufagio! Jajuok wa kwetu, yule mchawi wa usiku, anakimbia usiku mzima bila viatu, na hana hata certificate.

— Huyo ana kipaji, Yakub alisema. Na wale wa kupaa na chupi juu ya suruali? Mbona hawashuki Migori?

— Watashuka wapi na waya za stima zimelegea hivi? Mimi nakwambia, serikali inawajua. Inawalipa wasikanyage huku. Mmoja akija akainua lori lililokwama, kesho yake anagombea ubunge. Ndiyo wahenga walisema, chelewa chelewa utapata mtoto si wako.

— Mtoto ameingiaje hapo?

— Ameingia tu. Kunywa kahawa.

Wakacheka, na Gisiri akacheka nao. Joash hakucheka. Alikuwa akisugua tyubu kwa msasa.

— Nyinyi chekeni. Mimi sinema ilinifunza maisha. Mnakumbuka ile ya Kijana wa Radi? Anaondoka kwao, baba yake anasimama langoni, anamwambia, "Usikanyage hapa mpaka uwe mtu." Wueh! Nilitoka kwa hiyo banda nikilia. Nikasema, hayo maneno ni yangu mimi. Sasa ni miaka tisa sijaenda kwetu Lambwe. Mzee anapiga simu kila Krismasi, anauliza nitakuja lini. Namwambia, Baba, ngoja, nitakuja na pick-up yangu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Kaunsela alisema kwa heshima kubwa, na hakuna aliyemuuliza maana yake.

Gisiri alitazama kahawa yake. Miaka tisa! Hakujua. Alitamani mtu azungumzie ufagio tena.

Mwenye tairi lililokuwa likizibwa alikuwa Linet, nesi aliyehamia mjini mwezi uliopita. Alikuwa amesimama akingoja, helmeti mkononi.

— Lakini fundi, hiyo sinema watoto wangu wanaiangalia kila wikendi. Baba hasemi hivyo.

— Anasema nini?

— Anasema, "Hata ukishindwa, lango hili halifungwi." Hayo mengine nani aliwaambia?

Kaunsela alichungulia kikombe chake. Yakub alifuta birika lililokuwa safi. Joash aligeuka taratibu.

— Maiki. Wewe ndiye ulikuwa na maikrofoni. Yule mzee wa sinema alisema nini?

Gisiri aliona uso wake ukiwaka moto. Angeweza kutunga. Ndiyo kazi aliyoijua.

— Sikusikia, ndugu yangu. Jenereta ilikuwa inanguruma, yule mzee anaongea polepole, na nyinyi wote mnaningojea. Nikasema tu kile baba yangu mwenyewe aliniambia siku nilitoka kwetu. Nisamehe. Nimeona aibu mpaka sijui nitazame wapi.

Joash hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

— Krismasi hii iliyopita, alisema, mzee wangu aliniita jina la marehemu kaka yangu. Nikadhani ni network.

Alimalizia tairi la Linet, akalijaza upepo, akanawa mikono kwa maji ya kopo. Gisiri alikuwa ameshasimama na ufunguo wa pikipiki.

— Twende. Nitakupeleka Lambwe sasa hivi, mpaka langoni.

Joash alipanda nyuma, lakini hakumshika bega kama abiria wengine wanavyofanya. Alishika chuma cha kiti.

— Nikifika pale, akiniuliza nilikuwa wapi miaka tisa, nimwambie nini?

Gisiri, aliyewatilia maneno vinywani akina baba wote wa sinema, alifungua kinywa, akakifunga, akawasha pikipiki.