Mara ya Tano Kizimbani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe sana! Mimi ni Yohana, mzaliwa wa Ukerewe. Ninyi mnanijua kwa ushonaji. Wazee wa Mwanza walinijua kwa wizi.

Nilifungwa mara nne. Kwanza baiskeli: viboko na miezi sita. Halafu vitambaa dukani, mbuzi wa watu, taa ya karabai. Kila kifungo kilizidi cha nyuma. Tukiwa kilimani tunavunja mawe, nilitazama ziwani upande wa kwetu mpaka macho yakauma, moyo ukimlilia mama. Lakini nikitoka, niende kwake na uso gani? Mjini kila mlango ulifungwa nikipita. Siku tatu za njaa, nimeshaiba tena!

Uhuru ulinikuta ndani. Tulisikia ngoma na vigelegele mjini. Nililia, ndugu zangu, maana nilijua hata nikifunguliwa nitarudi.

Na nilirudi! Mara ya tano niliiba cherehani ya Mzee Saidi, fundi Mwislamu wa karibu na soko. Alipokwisha kutoa ushahidi, akaomba kuongeza neno.

"Mheshimiwa hakimu, huyu amefungwa mara nne, na mara nne ametoka mikono mitupu. Akifungwa tena, akitoka ataibia mwingine. Nipeni mimi. Cherehani aliyoiba ndiyo nimfundishe kushonea."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaniuliza, "Wewe unasemaje?"

Nikasema, "Nakubali, mheshimiwa." Hakuna mtu aliyewahi kunitaka!

Nikawekwa chini ya uangalizi, niripoti kila Jumatatu. Mzee Saidi akanifundisha kukata suruali. Jumapili moja akaniambia, "Yohana, nenda kanisani kwenu, kamshukuru Mungu." Ndipo nikaingia humu, nikatubu, Yesu akanipokea! Haleluya!

Nikapanda meli kwenda Ukerewe na gauni nililomshonea mama. Nikaonyeshwa kaburi lake. Ndugu zangu, hata leo natamani nimwambie tu, "Shikamoo, mama," naye aitikie.

Namshukuru Mungu kwa yote. Nawe uliyeanguka mara nyingi, mtumaini Yesu, hachoki kuinua. Na ninyi mnaosema mwizi sugu dawa yake ni kifungo tu: haki iadhibu, sikatai. Lakini kesho asubuhi lango la gereza litafunguliwa, mtu atatoka, hajui aelekee wapi. Nani kati yetu atakwenda kumpokea?