Hiyo A Umeivuta

Ndani ya basi la Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, Imogen, mzaliwa wa kusini, aliliahidi tumbo lake la miezi minane "baath", yaani kuoga maji moto, wakifika nyumbani. Bibi wa kiti cha mbele, wala hawajuani, akageuka. "Mpenzi, hiyo a umeivuta mpaka London! Huku tunaikata: bath!" Kule hata fundi bomba huitwa mpenzi.

"Lakini bibi, si herufi ile ile moja?"

"Sasa kama ni moja, mbona unaifanya mbili? Mwanao atachekwa na shule nzima!"

"Nitamfundisha zote."

"Utamchanganya!"

Basi likasimama. Imogen akajikokota hadi mlangoni, akampazia sauti dereva mwenye midevu: "Asante, mpenzi!" Dereva wala hakushtuka.

"Huyu tayari wetu," bibi akawatangazia abiria. "Imebaki hiyo a tu."