Tuliyekuwa Tukimwita Jela

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mwenyekiti wa kamati ya soko. Wazee wetu, shikamooni. Wauzaji, wapagazi na wateja mliokatiza manunuzi yenu kutusikiliza:

KARIBU

Karibu sana, mama yetu. Sisi wanafunzi wa Darasa la Jioni la soko hili la ndizi, hapa jirani na Tengeru, tumefurahi kiasi cha kufagia mpaka nyuma ya choo. Ukipita huko ukakuta pasafi, ujue ni kwa heshima yako.

DARASA LILIVYOANZA

Ulipokuja mara ya mwisho, wapagazi walikuwa wametoka kupigana getini wakigombea mzigo. Ulituambia tukae chini tujiulize kwa nini watu wanapigana. Pengine ulikuwa unafunga mkutano tu. Sisi tukakaa kweli. Tulimwomba Mwalimu Anna, mstaafu aliyefundisha elimu ya jamii chuoni, atufundishe nadharia za uhalifu kila tukishafunga biashara. Malipo yake ni ndizi, naye hajawahi kulalamika.

TULIYOJIFUNZA

Nadharia ya kwanza ni ya wazungu wa zamani, kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na utamjua kwa umbo la kichwa na taya. Mwalimu alisema ilishatupwa, lakini sisi tukataka kuhakikisha. Jasmeet wa duka la vitambaa akaleta futi yake ya kupimia nguo, tukapimana. Mwenye taya la kijambazi kuliko wote alikuwa Mama Elieshi, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika. Tulicheka mbavu zikauma. Tangu siku hiyo mwenyewe anadai aheshimiwe.

Ya pili inasema mtu hujifunza ukatili kwa wenzake, kama anavyojifunza kupanga mikungu. Wapagazi waliikubali huku wakitazamana. Ya tatu inasema mtu akikosa njia halali ya kupata riziki, hutafuta ya mkato. Silantoi, muuza maziwa, akapinga: basi yeye angekuwa jambazi tangu ukame ule uliomaliza ng'ombe wake. Mwalimu akamjibu kwamba hakuna nadharia moja inayowaeleza watu wote.

Ya nne ndiyo iliyotuchoma. Inasema ukimwita mtu mhalifu kila siku, unamfungia njia ya kuwa kitu kingine. Na sisi tunaye mpagazi, Elieza Sumari. Zamani, katika ugomvi wa getini kama ule, alimvunja mkono mwenzake Brayson. Akafungwa, akamaliza kifungo, akarudi. Tangu arudi hakuna aliyemwita Elieza. Tulimwita Jela. Jela njoo ubebe, Jela sogea. Hata watoto wetu walimwita hivyo. Akipita getini tulishika pochi, na hajawahi kuiba hata ndizi moja.

Jioni ya nadharia hiyo Brayson alisimama darasani akasema, "Mkono wangu ulishapona zamani. Yeye bado mmemfunga."

Tuliona aibu, Mheshimiwa. Tunakuambia kweli.

MAFANIKIO

Tuliweka faini: atakayetamka jina lile alete chai na maandazi kwa darasa zima. Mwanzoni tulishiba sana, Mama Elieshi peke yake alitunenepesha. Siku hizi chai tunajinunulia wenyewe, na hayo sisi tunayaita maendeleo. Getini hawajapigana tena tangu masika, maana wapagazi wanabeba kwa zamu. Zamu hizo alizipanga Elieza.

CHANGAMOTO

Kona ya choo haina taa, na Mwalimu anasema giza nalo lina nadharia yake. Ila changamoto kubwa ni kizibao. Bila kizibao cha njano cha kamati, mpagazi haruhusiwi kuingia sokoni, na kamati imemnyima Elieza kwa sababu ya kifungo kile. Anapanga zamu za wenzake akiwa nje ya geti, na anabebea wateja huko barabarani, mvua yake, jua lake. Mwenyekiti wa kamati ni mtu mwema, tunamwomba asitununie. Taya lake tumelikadiria kwa macho tu, na halina neno.

MAOMBI

Tunaomba taa ya choo.

La pili, mbele yako vipo vizibao vipya utakavyogawa leo. Cha chini kabisa tumekishonesha sisi kwa kitambaa cha Jasmeet. Tunaomba nacho ukigawe, Mwenyekiti akiridhia.

Mheshimiwa, sauti unayoisikia tangu mwanzo ni ya Elieza mwenyewe. Tulimpigia kura kwa sababu anasoma vizuri kuliko sisi sote. Alijua tumemwandika, lakini ukurasa huu wa mwisho hakuuona mpaka sasa. Leo mlinzi amemruhusu kuingia kwa kuwa ndiye msomaji. Kesho hana ruhusa. Umemsikiliza muda wote huu, pochi yako tunaamini ipo mezani, na hukuishika. Akisoma mstari huu mara mbili, mvumilieni. Akimaliza, mwite aje avae kizibao hicho, kwa kipaza sauti, jina lake lote, soko zima lisikie.

Mungu akutunze, mama yetu, wewe na nyumba yako. Mvua ya Meru ikunyeshee shambani, isikunyeshee njiani.

Ni sisi, Darasa la Jioni, Soko la Ndizi.

Imeandikwa na sisi sote.
Imesomwa na Elieza Sumari.