Naziha Chaabouni na Mtaa Uliosubiri

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Naziha Chaabouni, mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Sfax, Tunisia. Alifariki Jumanne kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na minne. Hakuwahi kuolewa. Ameacha kaka mmoja, Mongi, anayeishi mtaa uleule, nyumba ya nne kutoka kwake.

Naziha alitaka kujua jambo moja. Je, mgonjwa wa Parkinson akifundishwa kutembea kwa mdundo wa dumbaki, huanguka mara chache zaidi? Ugonjwa huo hutetemesha mikono na kugandisha miguu. Mtu husimama mlangoni, anataka kupita, miguu inakataa. Kisha anaanguka. Wenzake wengi waliamini kwamba mdundo unasaidia. Naziha hakutaka kuamini. Alitaka kupima.

Akakusanya wagonjwa arobaini, wakagawanywa kwa kura. Ishirini wakaanza mazoezi. Ishirini wakaambiwa wasubiri mwaka mmoja, ndipo nao wafundishwe. Pasipo wanaosubiri, hakuna cha kulinganisha.

Wiki ya saba alikuja kupimwa mzee Taoufik Sellami, wa kundi la kusubiri. Alipofika kizingitini miguu ikaganda. Mzee akajipiga paja kwa kiganja, mara mbili kwa nguvu, mara moja polepole. Akapita.

Naziha akaweka kalamu chini.

"Nani amekufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Mzee Taoufik."

"Basi, ni jirani yangu Saluha. Lakini usimgombeze, ana mdomo yule."

Saluha alikuwa wa kundi la mazoezi. Naziha akamfuata nyumbani.

"Mwanangu," Saluha alimwambia, "nikipika kuskus ya pweza, harufu ikaruka ukuta, nisimpelekee jirani sahani? Nile mimi, yeye anuse?"

"Hii si kuskus, mama."

"Ni nini basi? Kizuri ni kizuri. Wewe ulilelewa wapi, jangwani?"

Alilelewa papa hapa. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni, lakini hakuiingiza katika mpango wake. Kosa lilikuwa hilo, na lilikuwa lake. Akawauliza wote mmoja mmoja. Kati ya ishirini waliosubiri, kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kufundishwa na majirani. Kumi na mmoja.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Akinyamaza, makundi yote mawili yatatembea sawasawa, na hesabu itasema mdundo haufai kitu. Akisema, jaribio litafutwa, na huenda asipewe ruhusa nyingine maisha yake yote. Kaka yake Mongi anazikumbuka siku zile. "Alikuwa anakoroga chai mpaka inapoa. Namwambia, Naziha, ama kunywa ama mwaga. Hanisikii."

Siku ya tano aliiandikia barua kamati iliyompa ruhusa ya jaribio, akaeleza yote. Jaribio likafutwa.

Ilipita miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa tena. Safari hii hakugawa watu kwa kura. Aligawa mitaa. Mtaa mzima ufanye mazoezi, au mtaa mzima usubiri. Sahani na ziruke ukuta zitakavyo, zitabaki mtaani humohumo.

Wakati huo mkono wa kushoto wa Mongi ulikuwa umeanza kutetemeka, na miguu kuganda. Naye akaandikishwa. Kwa sababu hiyo Naziha alijitoa katika kura na katika upimaji. Mwenzake ndiye aliyechota karatasi. Mtaa wao ukaangukia kusubiri.

Mwaka ule Naziha alilala na dirisha wazi hata Januari, ili asikie. Mlango ukibamizwa kwa jirani, anasimama. Sufuria ikianguka, ameshafika uani. Alimfungia kaka yake vishikio vya ngazi na kumwondolea mazulia, kama walivyofanyiwa wagonjwa wote. Zaidi ya hapo, hapana.

"Nionyeshe kidogo tu," Mongi alimwomba. "Mimi ni ndugu yako."

"Nikikuonyesha leo, Ijumaa mtaa mzima unajua."

"Najua kunyamaza!"

"Wewe? Posa yangu uliitangaza kabla sijaisikia."

Mongi akacheka. Naziha hakucheka.

Mongi alianguka mara nne mwaka ule. Mara ya tatu alivunjika kifundo cha mkono. Naziha alikaa naye hospitali tangu asubuhi hadi adhuhuri, mfupa ukiungwa. Maneno ya kumfundisha alikuwa nayo mdomoni. Hakuyasema.

Matokeo ni haya, wasikilizaji. Kila upande ulikuwa na watu tisini na sita. Katika mitaa ya mazoezi walianguka mara mia moja arobaini na moja. Katika mitaa iliyosubiri, mara mia mbili na kumi na mbili. Narudia: mia moja arobaini na moja, kwa mia mbili na kumi na mbili. Tofauti ni theluthi moja. Si muujiza. Ni theluthi moja.

Juzi nilimuuliza Mongi kama alimsamehe dada yake.

"Zangu nne zimo katika hizo mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Kila nilipoanguka yeye ndiye aliyenikumbusha: andika, Mongi, andika na saa. Mwaka ulipoisha, saa moja asubuhi akabisha hodi, dumbaki kwapani. Hata salamu hakunipa. Alisema, inua mguu wa kulia. Akapiga mpaka nikavuka kizingiti, ndipo akanisalimu."

Kwa Mongi Chaabouni, kwa jamaa wote na kwa majirani wa mtaa ule, poleni sana. Mungu amrehemu Naziha. Nasi tuliobaki tutafakari jambo moja: ndugu yako akikuomba dawa iliyo mkononi mwako, nawe bado hujui kama ni dawa, utamjibu nini?