Wingu la Nyota au Doa la Vanishi: Maneno Yetu kwa Mheshimiwa Meya

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya. Viongozi mlioambatana naye. Majirani mliokubali kukalia mabenchi ambayo rangi yake haijakauka vizuri:

KARIBU KARAKANANI

Karibu sana. Sisi ni watu saba, na tukisema ukweli, leo wote saba tumechanganyikiwa. Risala uliyotumiwa ofisini wiki mbili zilizopita ilikuwa nyingine. Ile ilikuwa imenyooka, na ilikuomba uvute pazia lile pale ukutani uutangazie mji kwamba tumepiga picha ya wingu la nyota ambalo hatujaliona kwenye ramani yoyote ya anga.

Juzi asubuhi mambo yakageuka. Kukuandikia usije tuliona ni utovu wa adabu, na kukuacha uvute pazia bila kujua tuliona ni uongo. Basi tumekaa, tumebishana, tumenuniana, na hii unayosomewa ndiyo iliyosalia. Ukiona katibu anakwama, mvumilie. Karatasi imepita mikono saba na kila mmoja amefuta cha mwenzake.

TULIKOTOKA

Chama hiki kilianza miaka sita iliyopita na Bibi Kivuli, yule aliyekaa mwisho wa benchi na mkoba magotini. Jina hilo alipewa hospitali, alikopiga eksirei miaka thelathini na moja. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu, akausugua ukuta wa jikoni mara mbili, kisha akaja hapa kwa mdogo wake, seremala mwenye karakana hii, akamtaka amchongee kitako cha darubini. Seremala akadhani ni kiherehere cha uzeeni. Akamwambia, kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, akapumzike. Bibi hakuondoka. Alikaa pale mlangoni kutwa nzima mpaka wateja wakaanza kuuliza kama kuna msiba. Kitako kikachongwa.

Mheshimiwa, sisi hatupigi picha za mwezi. Mwezi una wapenzi wake. Tunapiga nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo katikati ya nyota, tena yale mafifu ambayo yamepewa namba tu, na mengine hata namba hayana. Jicho haliyaoni. Kamera hufunguliwa dakika tano, ikafungwa, ikafunguliwa tena, siku baada ya siku, kisha kompyuta huzirundika picha zote zikawa moja. Haba na haba hujaza kibaba. Wake na waume zetu wanasema kibaba chenyewe hawajakiona, na hatuwalaumu.

TULICHOFANIKIWA, KAMA TUMEFANIKIWA

Seremala alituchongea kigingi cha mninga. Ukikichomeka, darubini inarudi palepale ilipokuwa jana, haipungui wala haizidi. Tulikisifu kigingi hicho kwa kila mtu, hata kwa wasiotaka kusikia.

Jambo la pili ni fulana. Lenzi haikosi vumbi. Kwa hiyo kila tukimaliza kupiga, tunauvika mdomo wa darubini fulana nyeupe na kupiga picha ya weupe mtupu. Kila chembe ya vumbi hutokea hapo kama kivuli. Kompyuta huvisoma vivuli hivyo, na kila palipo na kivuli hupang'arisha kwenye picha ya nyota, vumbi lisionekane. Fulana yenyewe ni ya seremala, na ni hiyohiyo, kwa mkao uleule, tangu tuanze.

Kwa kigingi hicho na fulana hiyo tulipiga sehemu moja ya anga mara kumi na moja. Bibi Kivuli ndiye msafishaji wa picha zetu. Siku moja akiwa kwenye meza yake ya jikoni, aliona kwenye kona ya juu utando mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Hakumwita mtu siku hiyo. Aliutazama, akapika, akala, akaurudia, ukawa bado upo. Tulitafuta miezi miwili kwenye kila ramani tuliyoweza kuipata, tukaona hapo pameandikwa patupu. Mwenyekiti wetu, fundi saa, mtu asiyecheka hata akifurahi, ndiye aliyesema aitwe Meya.

KINACHOTUCHANGANYA

Juzi mke wa seremala alituletea chai. Picha ilikuwa imeshatiwa kwenye fremu. Akaisifu, akainama kuitazama vizuri, kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Hapa si ndipo palipokuwa na lile doa?"

Tukamuuliza doa gani. Akasema la vanishi, kwenye fulana, karibu na bega. Alililoweka mwezi uliopita, akalisugua mpaka likatoka, na akaona ajabu kwamba hakuna aliyemshukuru.

Mheshimiwa, chai ilipoa. Kama fulana ilikuwa na doa, kompyuta ililidhania ni kivuli cha vumbi, ikapang'arisha mahali pake. Basi wingu letu ni vanishi ya seremala. Seremala akaapa doa liliingia baada ya sisi kumaliza kupiga. Mkewe akaapa lilikuwepo tangu zamani, maana nguo za mume wake anazijua kuliko yeye anavyojijua. Hadi leo wanasemeshana kwa kupitia watoto. Fulana imefuliwa, haina cha kutuambia. Kamera tuliifungua tukaisafisha, kwa hiyo hatuwezi kupiga weupe upya kwa ajili ya picha za zamani. Tulijaribu kuzirundika bila fulana: watatu wanaliona wingu, watatu hawalioni, na katibu analiona akisimama, akikaa linampotea.

Laiti tungekuwa wazembe kidogo! Darubini ingekuwa inarudi imepinda hata nusu kidole, tungejua zamani. Wingu lingehama pamoja na nyota zake, na doa lingeng'ang'ania kona ileile ya picha. Lakini kigingi chetu hakikosei, basi vyote viwili vimekaa mahali pamoja.

Mke wa seremala alilia, akasema bora angenyamaza. Bibi Kivuli akamshika mkono. "Wifi, usilie," akamwambia. "Wewe peke yako ndiye uliyetazama."

Kisha akatusimulia jambo ambalo hata mdogo wake hakuwahi kulisikia. Zamani kule hospitali alikuja mwashi mmoja mwenye kikohozi. Picha yake ilitoka na baka dogo juu ya pafu. Siku hizo dawa ya kusafishia filamu ikichakaa ilikuwa inaacha mabaka, na foleni ilikuwa imefika getini. Bibi akaamua ni doa, akalipitisha. Mwashi akaenda zake akiwa na furaha. Mwaka uliofuata alirudishwa akiwa amebebwa. Baka lile la kwanza lilikuwa doa au ndilo lililomuua, Bibi hajui. Tangu hapo kila picha aliyoitilia shaka aliirudia, na alikaripiwa miaka mingi kwa kumaliza filamu.

MAOMBI

Ratiba inasema saa moja jioni hii, Mheshimiwa, utabonyeza swichi ya taa kumi na mbili za uwanja ulio nyuma ya karakana. Hatuzipingi. Wawili kati yetu walitaka tuzipinge, na mke wa seremala akawauliza kama wao hupita kwenye kile kichochoro cha uwanjani jioni, na kama wana binti anayecheza mpira wa pete gizani. Wakalifuta wazo lao. Sisi wenyewe tumeshindwa kujua kama tuna haki ya kuomba chochote.

Ila nyota za picha yetu sasa ziko magharibi, na huzama mapema. Baada ya siku nne mwezi utaanza kung'aa jioni, na ukija kuondoka, nyota zitakuwa zinazama pamoja na jua. Zitakaporudi mwakani zitazikuta taa, na utando mfifu kama ule hautaonekana tena kutoka hapa.

Tunaomba jioni nne. Kigingi tumekwisha kukitoa. Tutaisogeza darubini nusu kidole na kurudia picha. Siku ya tano bonyeza swichi. Tutakuja wote kupiga makofi, na tutakuambia mbele ya watu ni wingu au ni vanishi.

Jana tulimuuliza Bibi Kivuli atafanyaje ikiwa ni vanishi.

"Nitalala," akasema. "Likiwa wingu pia nitalala. Mimi kinachonitesa ni labda."

Mola akulinde wewe na nyumba yako, aupe mji huu heri, na jibu lako, liwe ndiyo au hapana, tutalipokea kwa adabu.

Ni sisi,
Chama cha Wapiga Picha za Mawingu ya Nyota

Wametia sahihi wanachama sita. Nafasi ya saba ni ya Bibi Kivuli. Alipewa kalamu, akairudisha mezani. Anasema atasaini akishajua anasaini nini.